Niliwaambia naumwa, wakanikuta nimepiga magoti bustanini

BARUA

Mshauri, salaam.

Nina miaka 64. Huu ni mwaka wa tatu tangu nistaafu na wa nne tangu mume wangu afariki. Naishi peke yangu. Afya ninayo, ukiacha magoti yanayolalamika kila nikiinama. Kazi zangu sasa ni mbili: kufuma na bustani. Bustani ilikuwa ya mume wangu. Mimi nilikuwa mtu wa kukaa barazani na sindano zangu, nikimtazama akihangaika na matuta. Alipoondoka nilidhani nitaiacha iwe kichaka, lakini haikupita miezi miwili nikajikuta nimeshika jembe lake.

Naandika kwa sababu ya Jumamosi.

Mwanangu wa pekee, mkewe na watoto wao wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa miaka 4, huja kila Jumamosi kunitoa. Sisemi kunitembelea, nasema kunitoa. Alhamisi jioni mkamwana wangu hunitumia ujumbe: "Mama, Jumamosi jiandae, tunakwenda mahali fulani." Tumekwenda makumbusho. Tumekwenda maonyesho ya maua mara mbili. Tumekwenda bwawani kutazama mabata mara nyingi sana, hata nadhani mabata yenyewe yameshanizoea. Wananifungulia mlango wa gari, wananiwekea mto mgongoni, wananiuliza kama nimechoka. Nasema sijachoka, nacheka, napiga picha na wajukuu. Jua likizama tunarudi, watoto wanakimbia kidogo kwenye matuta (yule mdogo hupenda kung'oa vijiti nilivyoandika majina ya mbegu), kisha wanaondoka. Jumapili naamka sina nguvu. Jumatatu ndipo naanza kutafuta nilipoishia.

Najua wananihurumia. Wanadhani nikiachwa hapa nitakaa nikitazama ukuta. Mkamwana ndiye anayepanga kila kitu, na ni mpangaji hodari. Mama yake mzazi anaishi mbali sana, hawaonani ila mara moja kwa mwaka. Labda ndiyo maana nguvu zake zote za kumtunza mama zimeniangukia mimi.

Utaniuliza: kwani siku sita nyingine hazipo? Zipo. Zina mambo yake.

Kuna jambo la sweta pia. Mwaka jana nilimfumia mjukuu mkubwa sweta kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa. Sufu halisi, sindano za milimita 4, vitanzi 22 kwa kila sentimita 10. Nilifuma sampuli, nikaipima, sikuridhika, nikaifumua na kufuma nyingine. Mwili peke yake, kabla ya kufika kwapani, ulikula karibu vitanzi 10,000. Mtoto aliivaa akapendeza. Miezi mitatu baadaye nilikwenda kwao nikaikuta imesinyaa, imekuwa nene na ngumu kama zulia, amevalishwa mwanasesere. Imefuliwa kwenye mashine kwa maji ya moto. Mkamwana hakusema kitu. Nami sikusema kitu. Tangu siku ile sijafuma chochote kwa ajili ya nyumba ile.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Mwezi uliopita nilikuwa na miche 30 ya nyanya kwenye vikopo. Ilikuwa wiki ya saba tangu niisie mbegu, mizizi imeanza kujizungusha chini ya kopo, majani ya chini yanageuka njano. Jumamosi mbili nilikuwa nimeiacha nikaenda matembezini. Ujumbe wa Alhamisi ulipoingia, nikaandika: "Sijisikii vizuri, mafua yamenibana. Nendeni tu bila mimi." Sijawahi kumdanganya mwanangu hata siku moja tangu awe mtu mzima.

Jumamosi ikapambazuka na mawingu, siku ya kupandikiza hasa. Nilikuwa kwenye mche wa kumi na moja niliposikia geti. Alikuwa mkamwana, ameshika mfuko, na nyuma yake mjukuu mkubwa. Mimi nimepiga magoti, udongo hadi kwenye viwiko, naimba. Nilikuwa naimba, Mshauri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Akanitazama. Akauweka mfuko kwenye ngazi, akasema, "Naona umepata nafuu, mama," akamshika mtoto mkono wakaondoka. Mwanangu alikuwa ndani ya gari. Sijui aliona nini. Ndani ya mfuko nilikuta dawa za mafua, kichupa cha dawa ya kikohozi, na karatasi aliyochora mtoto: bata amefungwa skafu shingoni.

Jumamosi nne zimepita, hawajaja. Ujumbe wa Alhamisi hauji. Mwanangu hupiga simu, sauti yake ni ileile, maneno machache, hagusii jambo lile, nami siligusi. Nimezipata Jumamosi nilizozitaka. Nyanya zote zimeshika. Nami nimeanza sweta yangu mwenyewe, ya mbele wazi, nimeifumua mara nne. Nahesabu vitanzi, vinapungua. Nahesabu tena, vimezidi.

Dada yangu anasema nimekufuru, watu wanalia watoto wao hawawatembelei. Jirani yangu anasema nilichelewa tu, ningefunga geti kwa kufuli tangu mwaka wa kwanza. Wewe wasemaje? Niombe radhi, ninyamaze, au niseme yote?

Mwenye Mikono ya Udongo


JIBU

Shikamoo, mama.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka kwenye mabata, nikacheka tena kwenye kuimba, kisha nikaona aibu kwa kucheka. Mara ya tatu sikucheka kabisa.

Nikikusikia vizuri, unasema hivi: kuna watu wanne wanaokupenda, na upendo wao umekuwa ukikuchosha kila wiki kwa muda mrefu bila wao kujua. Hukupata namna ya kuwaambia. Ukatafuta mlango wa nyuma, mlango huo ukafunguka mbele ya macho yao. Sasa wamekuachia ulichokitaka, nacho hakikai mikononi. Unauliza uombe radhi, unyamaze, au useme yote, kana kwamba jambo ni moja. Mimi naona kuna uongo wa Jumamosi moja, kuna Jumamosi zote zilizotangulia, na kuna sweta. Nadhani umeyashika yote kwa mkono mmoja, ndiyo maana ni mazito.

Niruhusu nianze na sweta, kwa kuwa ndiyo ya zamani zaidi.

Wewe ni mfumaji, unalijua hili kuliko mimi. Uzi wa sufu una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho. Ukiuloweka kwenye maji ya moto na kuusugua, magamba yanashikana, na yakishashikana hakuna wa kuyaachanisha. Mtu asiyefuma hajui. Tena kuna sufu madukani iliyotiwa dawa kiwandani ili ihimili mashine, na kwa kuitazama na kuishika haina tofauti kubwa na yako. Mtu anaweza kuwa amefua nguo za sufu namna hiyo miaka mingi bila tatizo, kisha siku moja akatumbukiza ya kwako. Sweta yako ilikuwa na kikaratasi cha maelezo? Ulimwambia mtu kwamba ioshwe kwa mkono, maji yasiwe ya moto, isikamuliwe, ianikwe imelala? Nauliza tu. Huenda ulimwambia na akasahau, na hapo hadithi ni nyingine.

Siulizi ili nimtetee mkamwana wako. Nauliza kwa sababu umeandika "hakusema kitu" kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Sentensi inayofuata ni "nami sikusema kitu." Ukimya wako unajua ulikuwa na nini ndani: maumivu, kiburi kidogo, kutotaka ugomvi. Wa kwake umeujazia mwenyewe.

Nikuibie siri yangu. Mama mkwe wangu aliwahi kunifumia skafu ya sufu. Niliifua vibaya, ikatoka inatosha kufunika sikio moja. Niliificha chini ya kabati miaka miwili, na kila alipokuja kututembelea nilikuwa nasema nimeisahau ofisini. Mtu yeyote angenitazama angesema sikuithamini ile skafu. Ukweli ni kwamba nilikuwa namwogopa yule mama, na nilimwogopa zaidi kwa sababu nilimpenda.

Kisha kuna mwanasesere. Nguo ikiharibika kiasi hicho, kwa kawaida huishia kwenye takataka au hugeuzwa kitambaa cha kufutia sakafu. Hii kuna mtu aliitafutia mwili wa kuivaa. Wewe uliona dharau, na inawezekana ni dharau, sikuwepo. Mimi niliposoma nilimwona mtoto aliyekataa sweta ya bibi yake itupwe. Sina ushahidi, kama wewe usivyokuwa nao. Lakini umeishi na maelezo yako mwaka mzima na hujawahi kuyauliza.

Sasa Jumamosi. Hapa nitakwenda polepole, na nikikosea utanisamehe.

Mwenyewe umejiuliza kwa nini siku sita nyingine hazitoshi, kisha ukajibu kwa maneno matatu, "Zina mambo yake," ukaruka kwenda kwenye sweta. Mwandishi wa barua akiruka namna hiyo, mimi husimama palepale aliporuka. Juu kidogo umesema ulikuwa ukikaa barazani na sindano zako ukimtazama mume wako akihangaika na matuta. Hukusema ilikuwa siku gani. Mtu aliyefanya kazi wiki nzima hushughulika na bustani yake siku gani?

Kama nimebahatisha, basi kumbe Jumamosi haikuwa tupu wao walipokuja kuijaza. Ilikuwa na watu wawili ndani yake, mmoja wao haonekani. Neno lako "kunitoa" linanisumbua kwa sababu hiyo. Wao wanadhani wanakutoa kwenye upweke. Inawezekana wewe unahisi unatolewa kwenye miadi.

Je, wanalijua hilo? Mkamwana hawezi kulijua asipoambiwa. Mwanao ni jambo jingine. Amekulia nyumba ile, alikuwa akimwona baba yake kwenye matuta. Inawezekana amesahau. Inawezekana pia hajasahau hata kidogo, na aliichagua Jumamosi kwa sababu hiyohiyo, akiogopa kukuacha na siku ambayo yeye mwenyewe hawezi kuikabili. Mwanamume aliyefiwa na baba, anayekaa ndani ya gari huku mkewe akiingia getini kwenye bustani ya baba huyo, sitaki kumsomea moyo kutoka mbali. Lakini ni maelezo mengine yanayowezekana mbali na "wananihurumia," na hayo hujayajaribu.

Hata hiyo huruma, mama, wangeacha vipi kukuhurumia? Kila walipouliza kama umechoka ulisema hujachoka. Ulicheka. Kwenye picha zote unatabasamu. Ukizikusanya Jumamosi zote hizo ukazitazama kwa macho yao, utamwona bibi anayefurahi kila wiki na anayestahili kutolewa tena wiki ijayo. Ulikuwa mkarimu kupita kiasi, ukawalisha furaha ambayo haikuwepo, au haikuwepo yote. (Maana nina shaka kidogo. Mtu asiyependa kabisa matembezi haandiki juu ya mabata namna ulivyoandika wewe.)

Na hapo ndipo uongo wa mafua unapouma, nadhani, zaidi ya uongo wenyewe. Mkamwana alipokuona hakujifunza tu kwamba siku ile hukuwa mgonjwa. Alirudi nyumbani na swali: na zile nyingine zote? Pale bwawani alikuwa anajifanya? Kwenye maonyesho? Mtu ambaye mama yake yuko mbali, na ambaye kila Alhamisi huketi akapanga atampeleka wapi mama wa mumewe, swali hilo si dogo kwake. Inawezekana kutokuja kwao si hasira. Inawezekana wanaona haya kukusumbua. Wanaweza kuwa wamekaa huko wakisema, "Tumwache mama apumzike, kumbe tulikuwa tunamchosha," na huo wakauona ndio wema. Au wamekasirika kweli. Tangu nilipoishi na skafu chini ya kabati sijiamini tena kusoma ukimya wa watu.

Kuhusu kuimba, sioni la kuombea radhi. Kama kuna mtu alikuwa na wasiwasi kwamba unakaa ukitazama ukuta, wimbo ule umemjibu.

Umetaja njia tatu. Tuzipitie, ingawa nadhani ziko zaidi.

Kunyamaza kunawezekana, na watu wengi huishi hivyo miaka. Mtapigiana simu, sikukuu mtakutana, mambo yatapoa. Hatari yake ni kwamba ukimya haubaki mtupu. Kila upande utaendelea kuujaza kwa hadithi yake, na wiki nne ni muda wa kutosha kwa hadithi kuota mizizi. Lakini hata wiki hizi nne hazikupotea bure. Zimekuonyesha kwamba Jumamosi isiyo na mtu kabisa si ile uliyokuwa ukiiota. Isingekuwa hivyo, hiyo sweta ungekuwa umefika mabegani.

Kuomba radhi kwa uongo, huo tu, kwa maneno machache, bila maelezo ya bustani wala Jumamosi, kuna uzuri wake. "Nilikudanganya, na wewe ulikuja na dawa. Nisamehe." Ukichagua hilo, fikiri unamwambia nani. Rahisi kwako ni kumwambia mwanao kwenye simu, naye amfikishie mkewe. Ila aliyeingia getini na mfuko ni mkamwana, na maneno yanayopitia mtu wa kati hupungua kama vitanzi vyako. Hatari ya njia hii iko mbele kidogo: atakusamehe, Alhamisi ujumbe utaingia, nawe kwa kuona deni utajibu "Nitafurahi sana," na baada ya siku mbili uko bwawani. Mwenye hatia hapangi ratiba vizuri. Hukubali kila kitu.

Kusema yote kunakuvutia, naona, kwa sababu umeniandikia mimi yote. Huenda ndilo litakalokupa nafuu kubwa. Lakini jihadhari na siku utakayoyasema. Ukianza na Jumamosi ukamalizia na sweta, aliyekuja kusikiliza radhi ataondoka amebeba mashtaka. Na jambo la mume wako, kama nimelipatia, mwanao anaweza kulisikia vibaya: kwamba kila wiki amekuwa akimsukuma baba yake nje bila kujua. Si maneno ya kusema mlangoni huku watoto wanavaa viatu. Unaandika vizuri, ungeweza kumwandikia. Barua nayo ina ubaya wake, maana msomaji huisoma kwa sauti anayoitaka yeye, na usiku husoma kwa sauti mbaya zaidi. Wewe ndiye unayemjua mwanao ni mtu wa kusikiliza au wa kusoma.

Kuna kupanga upya. Jumamosi moja kwa mwezi iwe ya matembezi, au waje siku nyingine, au waje alasiri tu, au safari moja uchague wewe mahali na muda wa kurudi. Mpangaji hodari kama mkamwana wako anaweza hata kufurahi kupewa kitu cha kupanga ambacho ana hakika nacho. Lakini kuna watu wakipewa ratiba huhisi wamepimiwa upendo kwa kijiko. Na umenitajia magoti. Siku inaweza kuja ambapo gari lile na ule mto wa mgongoni utavihitaji kwa kwenda mahali pasipo na mabata wala maua. Sisemi hivyo ili uvumilie leo kwa hofu ya kesho. Nasema tu mlango usiubamize, kama anavyotaka jirani yako.

Njia niliyotaka kuiandika mwanzo kabisa, nikajizuia, ni kuwaingiza bustanini. Inapendeza kuifikiria: bibi, wajukuu, udongo. Kama unachokililia ni ukimya, hiyo siyo dawa. Utakuwa umehamisha kelele kutoka bwawani kuzileta kwenye matuta, na safari hii utalazimika kutabasamu ukiwa umepiga magoti. Jiulize kwanza, na ujijibu bila adabu: unataka Jumamosi bila wao, au unataka Jumamosi pamoja nao lakini kwako?

Ukipata kuwa ni hili la pili, hata kwa sehemu, basi yule mdogo anayeng'oa vijiti mpe kipande chake, hata kama ni mita moja. Mpe mbegu kubwa ambazo vidole vya miaka minne vinaweza kuzishika, maharage au alizeti. Figili nazo, ingawa mbegu zake ni ndogo, huchomoza ndani ya siku chache na huwa tayari kung'olewa baada ya takriban mwezi mmoja, naye anapenda kung'oa. Karoti usimpe, zinaweza kukaa wiki mbili au tatu bila kuchungulia, atazifukua kuona zimefika wapi. Vijiti vya majina anaweza kuviandika yule mkubwa. Tena mtoto wa miaka saba ana vidole vya kuanza kufuma, ukimpa uzi mnene na sindano fupi. Lakini hayo ni kama utataka. Hulazimiki kuwa bibi wa kwenye picha.

Dada yako ana hoja, watoto wanaokuja ni neema. Ila mtu anaweza kushukuru na kuchoka siku hiyohiyo, na dada yako akijichunguza atakumbuka siku za namna hiyo. Jirani namwachia kufuli lake.

Hujanitajia siku hata moja ambayo mlikuwa peke yenu, wewe na mkamwana wako, bila gari, bila watoto, bila mahali pa kwenda. Sijui kama imewahi kutokea. Mnaweza kuwa mmepita miaka mkitunzana bila kuzungumza, yeye kwa mto wa mgongoni, wewe kwa tabasamu.

Hiyo sweta ya mbele wazi iweke kando kwa sasa. Uzi uliofumuliwa mara nne umeshajikunja kama chemchemi, hata ukihesabu sawasawa vitanzi havitalala vizuri. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu tatu nne, uuloweke kwenye maji ya baridi, uukamue ndani ya taulo bila kuusokota, kisha uuning'inize mpaka ukauke. Utanyooka. Huchukua siku moja au mbili, na siku hizo mikono itakuwa mitupu.

Halafu kuna yule bata mwenye skafu. Katika nyumba ile yote, ni mtu mmoja tu aliyekuandikia kitu, na sioni mahali uliposema umemjibu. Hukuniambia hata karatasi yake umeiweka wapi.